MS2 ya mtumba au MS3 mpya: kompyuta ipi ya injini kwa Impreza ya 1998?

"Habari mtaalamu. Nina Subaru Impreza WRX ya 1998, injini ni EJ20 ya turbo, koili ni ile pakiti moja. Nimeweka turbo kubwa kidogo na injekta za cc 550, na tangu hapo kompyuta ya kiwanda haielewi kitu: gari linanuka petroli likinguruma bila kukanyagwa, na nikikanyaga linakatakata. Rafiki ananiuzia kompyuta ya MegaSquirt MS2 aliyoitoa kwenye gari lake la zamani, bei nzuri sana. Mwingine anasema hiyo ni ya kizamani, prosesa yake ni polepole na itaniulia injini, heri MS3 mpya kwa sababu inamwagia kila silinda kwa zamu yake na inaongeza nguvu. Pesa ya MS3 ninayo, ila nikiinunua nabaki mkavu kabisa. Naishi Nairobi na mara kwa mara nashuka Mombasa kwa gari hilo hilo. Ramani ya mafuta, lile jedwali linaloiambia kompyuta imwage petroli kiasi gani, nimeambiwa iko mtandaoni, ni kuiweka tu. Ninunue ipi?"

Ndugu yangu, nikupe jibu kwanza, sababu zitafuata. Usiiogope MS2 kwa umri wake, na pia usiilipie kabla hujaifungua ukaona ndani kuna nini. Kwa gari lako, yaani turbo, Nairobi, na safari za pwani, MS3 ina faida za kweli, lakini si zile ulizoambiwa. Na kama kuinunua MS3 kutakumalizia pesa za kutyuni, yaani kurekebisha namba za kompyuta zilingane na injini yako, nunua MS2. MS2 iliyotyuniwa na mtu anayejua kazi italinda pistoni zako kuliko MS3 yenye ramani ya kuokota.

Kuna jambo moja nalipenda katika barua yako: umeshatambua kwamba kompyuta ya kiwanda "haielewi kitu". Ndivyo hasa ilivyo. Ile kompyuta inapima hewa inayoingia kwa sensa ya MAF, kisha inahesabu injekta ifunguke muda gani, na hesabu hiyo imejengwa juu ya injekta za ukubwa ule ule zilizotoka kiwandani. Ukiweka za cc 550, yenyewe bado inazihesabu kama zile za zamani, kwa hiyo kila ikifungua inamwaga zaidi ya inavyodhani. Harufu ya petroli ndiyo hiyo. Kwa hali hii acha kulikanyaga gari hata kabla hujaamua chochote. Petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda, na turbo kubwa inaweza kusukuma hewa ambayo MAF haiwezi tena kuisoma, hapo mchanganyiko unageuka ghafla kutoka kulowa (petroli nyingi mno) kwenda kukauka (petroli kidogo mno).

Sasa hili la prosesa polepole. MegaSquirt ilianza 2001 kwa Wamarekani wawili, Bruce Bowling na Al Grippo, waliotaka watu wajiundie kompyuta ya injini wenyewe kwa gharama ndogo. MS1 ilikuwa na prosesa ya biti 8 inayokwenda megahezi 8. MS2 ni biti 16 na megahezi 24. MS3 ni megahezi 50, na ina prosesa ndogo ya pembeni inayosaidia. Ukiziweka pamoja kwenye karatasi, MS2 inaonekana mzee wa kijiji. Lakini ulize injini yenyewe inadai kasi gani. EJ20 ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, cheche inahitajika kila baada ya milisekunde 4.3 hivi, na krenkshafti inapita digrii moja kwa mikrosekunde 24. Katika hizo mikrosekunde 24, MS2 inapiga hatua zipatazo 570. Kwa injini ya silinda nne hiyo ni nafasi ya kutosha. Sijawahi kuona injini iliyokufa kwa sababu prosesa ya MS2 ilichelewa. Nimeona zilizokufa kwa ethi mbovu, kwa ramani mbovu, na kwa mtu kutoangalia mchanganyiko ukoje gari likiwa kwenye presha.

Mzee ninayemkataa waziwazi ni MS1, na nakutahadharisha kwa sababu kwenye soko la mtumba maboksi yanafanana na muuzaji mwenyewe huenda asijue ana ipi. MS1 kwa programu yake ya kawaida inapima muda wa injekta kwa hatua za milisekunde 0.1. Inaonekana kitu kidogo, mpaka ufanye hesabu. Injekta yako kubwa, injini ikinguruma tu, labda itafunguliwa kwa milisekunde 2, na karibu 1 kati ya hizo inapotea injekta ikinyanyuka na kufunga. Muda unaomwaga petroli kweli ni milisekunde 1. Hatua moja ya 0.1 ni asilimia 10 ya petroli! Huwezi kuituliza injini kwa ngazi pana namna hiyo. Itapanda na kushuka siku nzima. MS2 hatua yake haifiki mikrosekunde moja, kwa hiyo tatizo hilo halipo.

Tuje kwenye kumwaga kwa zamu, ambako rafiki yako amesikia jambo la kweli akalikuza. MS2 kwenye bodi yake ya kawaida ina njia mbili za injekta, hivyo silinda nne zinafungwa mbili mbili na kila jozi inamwaga pamoja. MS3 ikiwa na kadi ya nyongeza ya MS3X ina njia nane, kila silinda na yake, na inaweza kumwaga wakati valvu ya silinda husika inakaribia kufunguka. Watu wakisikia hivyo wanadhani nguvu za farasi zinaongezeka. Angalia saa ya injini: kwa mizunguko 7,000, mzunguko mzima wa silinda moja, kuvuta, kubana, kulipuka na kutoa, unachukua milisekunde 17. Valvu ya kuingiza imefunguka karibu theluthi ya muda huo, tuseme milisekunde 6. Ukiwa kwenye presha kamili injekta zako zitakuwa wazi asilimia 80 ya muda, yaani milisekunde 13 na ushei. Petroli nyingi itaangukia mgongo wa valvu iliyofungwa, utake usitake, hata uwe na kompyuta ya ndege. Huko juu hakuna tofauti ya maana.

Tofauti iko chini, gari likinguruma kwenye foleni ya Thika Road. Injekta kubwa, petroli kidogo, na kumwaga kwa zamu kunasaidia utulivu, harufu na matumizi. Tena kila silinda unaweza kuirekebisha peke yake. Ni faida ninayoipenda, lakini ni ya raha.

Jambo ambalo huenda muuzaji hajakwambia, na linabadilisha hesabu yako yote, ni kwamba MS1, MS2 na MS3 kimsingi ni kadi zinazochomekwa kwenye soketi ile ile ya pini 40 juu ya bodi kuu. Bodi kuu ya V3.0 iliyobeba MS2 leo inaweza kubeba kadi ya MS3 mwakani. Nyaya zako za plagi kubwa ya pini 37 zinabaki pale pale. Ukiongeza MS3X inakuja plagi ya pili kando. Hata programu ya kutyunia, TunerStudio, ni ile ile, na jedwali la mafuta la MS2 yenye programu ya MS2/Extra lina vyumba 16 kwa 16 sawa na la MS3, kwa hiyo kazi yako ya kutyuni unaihamisha kisha unairekebisha, hutupi. Ukinunua MS2 yenye bodi nzuri unakuwa umelipia nusu ya MS3. Ikiwa ni MicroSquirt, MS2 ndogo iliyofungwa ndani ya boksi la plastiki, kubadilisha kadi hakuwezekani, kwa hiyo mwulize muuzaji ni boksi gani.

Basi ifungue. Skrubu nne, bodi inateleza nje. Kwanza soma maandishi kwenye bodi yenyewe: V3.0 ni ile yenye vipuri vikubwa vilivyounganishwa kwa lehemu kwa mkono, V3.57 ina vipuri vidogo vya kubandikwa na kiwanda. V2.2 iache. Kwenye V3.0 igeuze chini uangalie lehemu. Kila nukta inapaswa kung'aa na kuwa na umbo la koni. Ikiwa kuna zilizofifia zenye duara la ufa kuzunguka mguu wa kipuri, hizo ndizo zitakazokusumbua baada ya barabara ya vumbi na matuta, siku nzuri, siku mbaya, na hutajua kwa nini. Angalia pia nyaya ndogo zilizorukishwa kutoka nukta moja hadi nyingine. Kila mwenye MegaSquirt anarekebisha bodi ilingane na gari lake, na boksi la rafiki yako limerekebishwa kwa gari lake yeye, si kwa Subaru. Mwombe akwambie kila waya ni wa nini. Kama alifungiwa na mtu na hana mchoro, punguza bei kwa kiasi cha siku nzima ya fundi wa elektroniki.

Kwa EJ20 yako kuna jambo moja hasa la kutafuta. Injini hiyo inajitambulisha kwa sensa mbili za sumaku, zile za nyaya mbili zisizohitaji kupewa umeme: moja inasoma meno sita yasiyo na nafasi sawa kwenye krenkshafti, nyingine meno saba kwenye kamshafti. Programu ya MS2/Extra inaujua mpangilio huo, utaukuta kwenye orodha kwa jina la Subaru 6/7. Lakini bodi ya V3.0 ina saketi moja tu ya kupokea sensa ya namna hiyo. Ya pili lazima iwe imeongezwa, kwa kawaida kikadi kidogo kilichofungwa pembeni. Kama hakipo, gari halitawaka, na utashinda wiki mkilaumiana. MS3X inakuja na mlango huo wa pili tayari. Kwangu mimi hii ni sababu nzito zaidi ya kuelekea MS3 kuliko megahezi zote zile.

Halafu chukua mita, pima injekta zako upinzani. Zikisoma omu 12 hadi 16 ni za upinzani mkubwa na mambo ni mepesi. Zikisoma 2 au 3 ni zile za upinzani mdogo, zinakula mkondo mkubwa, na ukizifunga moja kwa moja bila vizuizi au bila kuwasha udhibiti wa mkondo kwenye programu, utaunguza aidha injekta aidha vipuri vya kuziendesha. Hatari hii ipo kwa MS2 na MS3, hakuna aliyesamehewa, na kwenye njia za MS3X udhibiti huo wa programu haupo, tumia vizuizi.

Na la koili, tafadhali, lisome mara mbili. Kwenye TunerStudio kuna chaguo linaloitwa Spark Output, lenye majibu mawili, Going High na Going Low. Jibu sahihi linategemea saketi iliyoko ndani ya boksi na aina ya igniter (swichi ya elektroniki inayoichaji na kuikata koili) ya koili yako, ndiyo maana boksi lililotoka gari lingine haliaminiki kwa mipangilio yake ya zamani. Ukikosea, koili inachajiwa karibu muda wote badala ya milisekunde chache kabla ya cheche, na cheche yenyewe inapigwa wakati usio wake. Koili inachemka, igniter inakufa, na mbaya zaidi, injini inaweza kuwaka na kutembea huku ikipigwa cheche mapema mno. Jaribio ni rahisi: fungua switchi bila kuwasha injini, subiri dakika moja, gusa koili. Ikiwa ya vuguvugu, zima haraka. Halafu kabla ya kwenda popote, funga cheche kwenye digrii 10 ndani ya programu, chukua taa ya taimingi (ya kupimia wakati wa cheche), uhakikishe alama kwenye puli inakaa digrii 10 kweli, na haihami injini ikipandishwa mizunguko. Ikihama, usiende barabarani.

Sasa Nairobi na Mombasa. Hapa ndipo ningependa uniazime masikio, kwa sababu ramani za mtandaoni na mafundi wengi wa kutyuni hawalifikirii.

Ukiacha MAF na kuingia MegaSquirt, kwa kawaida kompyuta itahesabu hewa kwa kusoma presha ndani ya manifoldi, joto la hewa na mizunguko. (Gari lako litahitaji sensa ya joto la hewa, iweke baada ya intakula (kipoza hewa ya turbo) karibu na throto bodi, isikae mahali inapopikwa na joto la injini.) Presha inayosomwa ni presha kamili, ikihesabiwa kutoka sifuri, si ile ya geji ya dashibodi inayohesabu kutoka presha ya hewa iliyoko nje. Nairobi tuko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya nje ni kilopaskali 83 hivi. Mombasa ni 101. Turbo yako inazuiwa na wastegate, mlango unaoupunguza moshi unaoizungusha, na springi ya wastegate inapambana na hewa ya nje. Tuseme imepangwa kwa bar 1, yaani kilopaskali 100 juu ya hewa ya nje. Nairobi manifoldi itafika 183. Mombasa, springi ile ile, geji ile ile ikionyesha bar 1 ile ile, manifoldi itafika 201. Injini inapata hewa karibu asilimia 10 zaidi, nawe hujagusa kitu.

Fikiria ramani ya vyumba 16 kwa 16. Umetyuniwa Nairobi kwenye dyno (mashine ya kupimia nguvu za gari), fundi amesafisha kila chumba hadi mstari wa kilopaskali 180. Mistari ya 200 na 220 gari halikufika, hivyo imejazwa kwa kukisia, au imeachwa na namba zilizokuja na ramani. Unashuka, Emali, Mtito Andei, Voi, kila mji hewa inazidi kuwa nzito, na ukipita Mariakani unapata nafasi ya kulipita lori, unakanyaga. Injini inaingia kwenye chumba ambacho hakuna mtu aliyewahi kukitazama, kwenye joto la pwani, na petroli yenye oktani ya chini kuliko ile ya Japani iliyokusudiwa gari hili. Pistoni za EJ20 zinajulikana kuvunjika kwenye kingo za ringi zikipigwa noki, yaani petroli ikilipuka ovyo ndani ya silinda. Watu wakirudi na moshi wanasema Mombasa kuna petroli mbaya.

Dawa yake haitegemei MS2 wala MS3. Mwambie fundi wako wa kutyuni waziwazi kwamba gari litashuka usawa wa bahari, mistari ya juu ijazwe petroli ya kutosha na taimingi irudishwe nyuma kwa tahadhari, na presha ya juu kabisa iwekewe kikomo cha kukata. Safari ya kwanza ya pwani mtu akae na laptopu kiti cha abiria, ukanyage kidogo kidogo kwenye mteremko na barabara tupu, muone namba. Kumbuka pia kwamba sensa ya presha inayokuja kwenye bodi ya V3.0 kwa kawaida inasoma hadi kilopaskali 250. Kwa bar 1 unatosha, Nairobi na Mombasa. Ukiwa na ndoto za bar 1.5, Mombasa utakuwa umefika ukingoni.

Kuna na kasoro ndogo upande wa MS2. Bila sensa ya pili, inasoma presha ya hewa ya nje mara moja tu, pale unapofungua switchi, injini ikiwa haijawaka. Ukipanda kutoka Mombasa bila kuzima, inaendelea kuamini iko baharini. Hitilafu ni asilimia chache, na kwa kuwa sijui mtu anayepita Mtito bila kusimama kunywa chai, mara nyingi inajirekebisha yenyewe. Hatari ni pale ethi ikilegea na boksi likajizima na kujiwasha ukiwa mwendoni: linasoma utupu wa manifoldi, tuseme 40, na kuuchukua kuwa ndiyo hewa ya nje. Kwenye programu weka mipaka ya kusoma hewa ya nje, chini 70, juu 105. Hata ukipita Timboroa, zaidi ya mita 2,700, hutatoka humo. MS3Pro, ambayo ni MS3 iliyojengwa kiwandani kwenye boksi lake, ina sensa ya pili ndani na tatizo hili halina nafasi.

Faida nyingine ya MS3 ambayo ningeilipia ni kadi ya SD. Inarekodi safari nzima bila laptopu, na fundi anaweza kukaa mahali pengine akafungua rekodi akaona dakika gani mchanganyiko ulikauka. MS2 inabidi laptopu iwe imechomekwa, tena kwa kebo ya serial, ile ya kizamani, yenye adapta ya USB, na adapta za bei rahisi zinakatika katikati ya kazi.

La noki ni zito zaidi. Kompyuta yako ya kiwanda ina sensa ya noki na inarudisha taimingi nyuma injini ikianza kugonga. Ukiweka MS2, mlinzi huyo anaondoka, isipokuwa uongeze vifaa vya pembeni. MS3 yenye MS3X inahitaji kikadi cha noki pia. MS3Pro inayo ndani. Lakini hata ukiwa nayo, lazima ifundishwe kelele za injini yako, kwa maana injini ya bokseri (yenye silinda zilizolala) yenye pistoni za kulegea ikiwa baridi ina kelele zake za kawaida, na mfumo usiopangwa vizuri utarudisha taimingi bila sababu au utanyamaza wakati wa hatari. Usinunue sensa ya noki kama ruhusa ya kuongeza presha.

Kuhusu ramani ya mtandaoni, itumie kwa kazi moja, kuliwasha gari. Itakuwa imetengenezwa kwa injekta nyingine, turbo nyingine, kamshafti nyingine pengine, na petroli nyingine. Ukishaliwasha na kuthibitisha taimingi, kila kitu baada ya hapo kinafanywa kwa sensa pana ya oksijeni, ile mafundi wanayoiita wideband, kama Bosch LSU 4.9. Bila hiyo unatyuni kwa pua. Usitumie ile sensa ya kawaida ya gari: inajua tu kulowa na kukauka, haijui kiasi.

Ndiyo maana swali lako la pesa ndilo la kwanza kwangu. Weka kando gharama ya wideband, sensa ya joto, nyaya na soketi nzuri, fundi wa umeme, na muda wa dyno. Hivyo havipunguzwi. Kinachobaki ndicho cha kununulia boksi. Kikifika MS3, chukua MS3, kwa ajili ya mlango wa pili wa sensa, kadi ya SD na mambo ya noki. Kisipofika, chukua MS2 ya rafiki yako, bora iwe V3.0 au V3.57, yenye kikadi cha pili cha sensa au nafasi ya kukifunga, na uje kubadilisha kadi baadaye. Kuna na njia ambayo hukuitaja: Link, kampuni ya New Zealand, inatengeneza kompyuta zinazokaa ndani ya boksi la kiwanda la Impreza za miaka hiyo na kuchomekwa kwenye plagi zilezile za gari. Bei iko juu kuliko MegaSquirt, lakini hukati waya hata mmoja, na kwa gari la kila siku siku za fundi wa umeme nazo ni pesa. Piga hesabu zote mbili mpaka mwisho kabla ya kusema ipi ni ghali.

Nyaya. Ethi zote za MegaSquirt zifungwe mahali pamoja kwenye injini yenyewe, chuma kilichosafishwa, si kwenye bodi ya gari popote palipopatikana skrubu. Sensa zina ethi yao inayorudi kwenye boksi, isichanganywe. Nyaya za sensa za krenki na kamu ziwe zenye kinga ya nje, kinga ifungwe upande mmoja tu, na zipite mbali na koili. Gari likikata kwa mizunguko fulani kila mara, anzia hapo kabla ya kumlaumu aliyekuuzia.

Mengi ya haya unaweza kujifanyia, na ningekuhimiza, kwa sababu mwenye gari anayejua boksi lake hadanganyiki. Ila kuna kazi za kumpa mtu aliyeko mbele ya gari. Kutyuni kwenye presha ni mojawapo. Usiifanye peke yako barabarani, jicho moja kwenye skrini. Ukisikia mlio kama kokoto zikitikiswa kwenye kopo unapokanyaga, acha mguu, rudi polepole, usijaribu tena kuhakikisha. Ukiwa umeendesha muda na petroli nyingi hivi, kabla ya kufunga boksi lolote mwone fundi wa injini apime kompreshani ya silinda zote nne na abadilishe oili, inuse kama ina petroli. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, hakuna kompyuta itakayoitibu, na pesa ya MS3 itakuwa na kazi nyingine. Na ijulishe kampuni yako ya bima kwamba gari limebadilishwa.

Unapokwenda kumwona fundi wa kutyuni, mwulize ameshafanya Subaru ngapi kwa MegaSquirt na ngapi kwa Link. Kama mkono wake uko kwenye moja tu kati ya hizo, hiyo ndiyo ya kununua, hata kama mimi nimeisifu nyingine.

Kwa rafiki mwenye MS2, mwambie aijaribu mbele yako. Kuna kifaa kinachoitwa stimuleta, JimStim kwa mfano, kinachoiga sensa za injini juu ya meza na kuwasha taa kwa kila injekta na kila cheche. Akiwa nacho, au akikubali mkakiazime kwa mtu, mtajua kwa nusu saa boksi ni zima au la. Akikataa, mlipe bei ya vipuri.